Rangi Juu ya Jina la Mtu

Bonyeza kitufe, na orodha ndefu ya majina inabadilika mbele ya macho yako. Mstari wa tano umegeuka njano. Wa tisa nao njano. Wa kumi na mbili mwekundu. Rangi inateremka ukurasa mzima kwa kasi isiyofuatika kwa kidole, na kabla hujashusha pumzi imeshafika kwa mwanachama wa mwisho. Hakuna aliyehamishwa mahali pake. Hakuna tarakimu iliyoongezeka wala kupungua. Majina ni yale yale na madeni ni yale yale, lakini orodha si ile tena, maana jicho sasa limeambiwa pa kutua, na likishatua huwa gumu kulibandua.

Kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa majedwali ya Excel: orodha za wanachama wa SACCOS, za vikundi vya kuweka na kukopa, za wanafunzi na ada zao. Hata hivyo kitendo hiki kidogo, cha kuipaka mistari rangi kwa makro, bado hunisimamisha. Makro ni maagizo yanayohifadhiwa ndani ya faili ili kompyuta iyarudie kila inapoombwa. Anza mstari wa pili. Tazama safu ya siku za kuchelewa. Zikizidi 30, paka njano. Zikizidi 90, paka nyekundu. Shuka mstari mmoja, fanya hivyo hivyo, mpaka majina yaishe. Mtu huyaandika maagizo haya asubuhi moja, na yakishaandikwa yanaweza kutumika miaka kumi mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuyafungua wakayasoma. Na ndani ya maagizo hayo rangi yenyewe ni namba. Njano ni 65535. Nyekundu ni 255. Kompyuta haijui kwamba nyekundu hutisha, kwamba ndiyo rangi ya damu na ya taa inayosimamisha magari. Inaweka namba pale ilipoagizwa, na kushtuka tunashtuka sisi.

Nadhani rangi ililetwa na urefu. Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa VisiCalc mwaka 1979, lahajedwali la kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo, lilikuwa na mistari 254. Orodha ya urefu huo mtu huisoma akaimaliza kabla ya chai ya saa nne, na akiirudia mara ya pili huanza kuwafahamu waliomo. Tangu Excel ya 2007, ukurasa mmoja una mistari 1,048,576. Hakuna jicho la binadamu lililoumbiwa orodha hiyo. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini walisema hivyo wakati vitu vya mtu vilitoshea upeo wa macho yake. Mbele ya mistari laki moja hata mwenye macho huhitaji kuambiwa, na makro ndiyo inayomwambia.

Kutia alama kwa rangi ni kazi ya kale. Waandishi wa Misri ya kale walichovya kalamu katika wino mweusi na katika wino mwekundu, na wekundu wakauweka pale msomaji alipotakiwa kuzinduka. Wapokezi wa elimu ya Kiarabu wanamtaja Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki katika karne ya 7, kuwa ndiye aliyeanza kutia katika msahafu nukta za rangi iliyo mbali na wino wa maandishi, ili ulimi wa msomaji usiteleze kwenye irabu. Huku kwetu, misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, inajulikana kwa nyekundu na njano zake zilizokaa kando ya wino mweusi, na hata ukiiona kwenye picha tu unatambua kwamba mkono uliotia rangi ulijua unatia wapi. Kisha yupo mwalimu na kalamu yake nyekundu. Mwalimu aliyekusahihishia insha alikuwa ameisoma. Labda aliisoma kwa haraka, labda alikuwa amechoka au amekasirika, lakini macho yake yalipita juu ya maneno yako kabla ya wino kuyagusa. Wekundu ule ulikuwa ushahidi wa kusomwa. Uliuona kwenye daftari ukajua kwamba kuna mtu mzima aliyekaa chini, pengine usiku, akakushughulikia wewe.

Makro imeleta jambo ambalo mikono hiyo yote haikuwa nalo, na sidhani kama tumelipa uzito wake: alama isiyo na msomaji. Mstari umepakwa na hakuna aliyeusoma. Jina la mtu limetiwa wekundu na hakuna kinywa kilicholitamka, hata kimoyomoyo. Tulipoichukua kazi ya kupaka tukaipa mashine, kazi ya kusoma iliyokuwa imefungamana nayo ilibaki chini, na mara nyingi hakuna aliyeinama kuiokota.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka la mtaani anaijua mithali hii, awe wa Mombasa au wa Kigoma, na analo daftari lake la madeni lililolainika pembe na kuingia unga kati ya kurasa. Mama fulani: sukari nusu, sabuni kipande, mafuta ya kula robo. Mwenye duka akifika kwenye jina hilo husita. Anajua kwamba mume wa mama huyo amelazwa. Anajua kwamba binti yake amefaulu na nyumba nzima inatafuta ada. Anafunua ukurasa unaofuata bila kulipigia jina hilo mstari, na kwa kusita huko deni linasogea hadi mwisho wa mwezi. Huruma yake inatokana na kujua, na kujua kwake kunatokana na kuishi mtaa mmoja na wadeni wake, kusali nao, kuzika nao.

Lakini nisiusifu mkono kupita kiasi. Mkono unaosita kwa mgonjwa husita pia kwa shemeji. Mkono mtupu haulambwi, na wapo walioingia ofisini na kuku kwapani wakatoka majina yao hayajaguswa, huku jirani yao aliyekuja na maelezo matupu akiandikiwa barua ya kudaiwa siku hiyo hiyo. Hapo makro ni ya haki kuliko wengi wetu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na mstari wa mwenyekiti aliyepitisha siku 90 hupakwa nyekundu ile ile, 255 ile ile, anayopakwa muuza nyanya. Nimewahi kukaa katika mkutano wa wanachama, jedwali likirushwa ukutani kwa projekta, na wekundu ukatua juu ya jina ambalo kila mtu ukumbini alilijua na hakuna aliyethubutu kulitaja. Watu walinyamaza. Kisha mwanamke mmoja aliyekaa viti vya nyuma akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mkopo ule utalipwa lini. Swali lile lisingeulizwa kama orodha ingebaki nyeupe. Naipenda makro kwa hilo, na nitaitetea popote.

Msumeno, hata hivyo, hukata pale ulipowekwa, na yupo aliyeuweka. Siku 90 tunajua zilikotoka: katika mabenki yetu, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huingizwa kwenye mikopo chechefu. Je, siku 30? Mfikirie mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba. Fedha yake huingia minada inapofunguliwa, Oktoba na kuendelea. Mwezi Julai mstari wake ni wa njano, Agosti njano iliyokolea wasiwasi, Septemba mwekundu, na muda wote huo mikorosho yake iko kwenye maua na matunda machanga. Deni lake limeiva kabla ya mti wake. Makro inahesabu siku, misimu haiijui, na siilaumu kwa hilo. Lawama naipeleka kwenye meza ile ambapo namba 30 ilikubaliwa na watu wanaopokea mshahara kila mwezi, wakadhani kila mtu duniani hupata fedha kila mwezi. Namba iliyoandikwa ndani ya makro haionekani kwa anayetazama rangi. Mkulima anauona wekundu. Ile meza haioni.

Na namba hizo si za milele. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kanuni mpya za taasisi za taarifa za mikopo, zile ambazo Wakenya wote wanaziita CRB, na humo deni lisilofika shilingi 1,000 likaondolewa kwenye yale yanayoweza kumfanya mtu aorodheshwe kuwa mdaiwa mbaya. Kabla ya hapo, mia chache zilizokopwa kwa simu na kusahaulika ziliweza kumwekea mtu doa mbele ya kila mkopeshaji. Siku kanuni zilipotangazwa watu hao hawakuwa waaminifu kuliko jana yake. Kilichosogea ni mpaka, na uliposogea doa likakosa pa kushika. Kila nikifikiria hilo najiuliza ni watu wangapi wanaotembea leo na wekundu unaotegemea namba ambayo hakuna anayekumbuka kwa nini ilichaguliwa.

Ipo makro ninayoiogopa zaidi, ile ya kurekodi. Excel ina kitufe cha kazi hiyo: unafanya jambo kwa mkono mara moja, yenyewe inakariri. Karani anachagua mstari wa 14, wa mtu aliyeshindwa kulipa, anaupaka rangi, anasimamisha kurekodi, anaenda nyumbani. Usipoielekeza vinginevyo, kinachokaririwa ni anwani. Wiki ijayo orodha ikipangwa upya kwa alfabeti, mdaiwa yule amehamia mstari wa 60, na kwenye mstari wa 14 amekuja kukaa mwingine, labda mama ambaye hajakosa rejesho hata moja tangu ajiunge. Makro ikiendeshwa inampaka yeye. Inakipiga kiti bila kumjua aliyekikalia. Nadhani jamii nazo zina makro za kurekodi. Kuna mitaa ambayo kuitaja tu kwenye barua ya maombi ya kazi kunatosha kumfanya msomaji akunje uso. Waliolichafua jina la mtaa huo walishahama au walishakufa, na vijana wanaozaliwa humo wanaipokea rangi iliyokusudiwa kwa wengine.

Rangi ya makro, tena, haiondoki yenyewe. Jumatatu mtu ni mwekundu. Jumanne analipa, safu ya deni inasoma sifuri, na mstari bado mwekundu, mpaka atokee wa kuiendesha makro upya. Hata ikiendeshwa, kama mwandishi wake hakutia agizo la kufuta, wekundu utabaki pale pale, kwa kuwa makro iliagizwa kupaka na haikuagizwa kusamehe. Excel yenyewe inayo njia nyingine, rangi ya masharti inayoitazama seli muda wote na kujiondoa mara sharti linapokoma. Deni likiisha, weupe unarudi bila kuombwa. Nimeona ofisi zikiichagua makro kwa sababu ya kasi au mazoea, na mwishoni mwa mwaka ukurasa umejaa rangi za watu waliolipa zamani, na hakuna anayejua tena ipi ni ya leo na ipi ni ya Machi. Isitoshe, makro ikishapita, kitufe cha kutendua hukosa cha kutendua. Ctrl na Z, ambazo hutuokoa mchana kutwa, hazirudishi kitu. Kila karani wa Excel anaijua baridi ile ya tumboni.

Hao ni waliopakwa. Wapo ambao rangi haikuwafikia, na kuwafikiria hao kunanikosesha usingizi zaidi. Makro nyingi hutafuta mwisho wa orodha kwa kuteremka mpaka kwenye seli tupu ya kwanza. Basi seli moja ikiwa tupu katikati, kwa kuwa mtu mmoja hakupewa namba ya uanachama siku karani alipokuwa na haraka, makro hudhani majina yameishia hapo. Wote walio chini yake wanabaki weupe, na ukitupa jicho utadhani wako salama. Uingereza iliyaona mambo ya namna hii kwa ukubwa wa kutisha. Mwanzoni mwa Oktoba 2020 ilitangazwa kwamba wagonjwa 15,841 wa korona walikuwa hawakuingia katika hesabu za kila siku, kwa sababu matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambao hauchukui zaidi ya mistari 65,536. Waliozidi hapo walidondoka. Wenyewe walikuwa wameshapewa majibu yao. Waliokaa nao, waliokula nao, waliopanda nao basi, hawakutafutwa kwa wakati. Faili haikulalamika. Ukurasa ulionekana umekamilika.

Wachumi nao wamewahi kupotelewa na mistari. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka kubana matumizi ya serikali wakainukuu sana. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, alipewa jedwali lenyewe, akaona kwamba fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 wakati ilipaswa kufika wa 49. Nchi tano, Ubelgiji ikiwemo, ziliachwa nje. Halikuwa kosa pekee walilolieleza yeye na walimu wake, wala si lililobeba uzito wote, lakini ndilo lililobaki vichwani mwa watu, kwa sababu kila aliyewahi kuburuta kipanya juu ya safu ya namba anajua jinsi kidole kinavyoweza kuachia mapema. Lilionekana siku mtu alipokaa akasoma seli moja moja.

Sasa nenda kliniki, pale watu wanapochukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Huko nako kuna orodha, kuna safu ya tarehe ya miadi, kuna hesabu ya siku. Katika programu nyingi za VVU, mteja aliyepitisha siku 28 baada ya miadi bila kuonekana huhesabiwa kuwa amekatiza tiba. Maagizo ni yale yale niliyoyataja mwanzo, badili tu namba: shuka mstari mmoja mmoja, siku zikizidi, paka. Lakini wekundu ukishatokea, kinachofuata hapa ni miguu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anachukua namba za kliniki za waliopakwa, anatafuta mahali wanapoishi, anabisha hodi kwa staha ili majirani wasijue kilichomleta. Anakuta mmoja amehamia kwa dada yake. Mwingine hakuwa na nauli. Mwingine alichoka tu, alichoka kumeza vidonge kila siku ya Mungu, na alichohitaji ni mtu wa kukaa naye kwenye jamvi nusu saa. Ukurasa ule ule, 255 ile ile, na maana yake ni kwamba kuna mtu hatujamwona, twende tukamwangalie.

Sioni sababu kwa nini wekundu wa mkopo usiwe na maana hiyo. Aliyepitisha siku 90 naye hatujamwona. Inawezekana anakwepa, wakwepaji wapo, na fedha ya chama ni jasho la wenzake. Inawezekana pia anasubiri mnada, au amefiwa, au alilipa na risiti iko mezani haijaingizwa. Rangi haiwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Inachoweza ni kutuonyesha mlango wa kubisha, na ofisi inayochapisha orodha nyekundu na kuibandika ukutani kabla ya kubisha hata mlango mmoja imeitumia makro kukwepa kazi yake yenyewe.

Ndugu zangu mnaoandika makro hizi, maofisini na vikundini, nawaombeni. Andikeni juu ya jedwali, kwa maneno, kila rangi ina maana gani, nani alikubali hizo siku 30, na makro iliendeshwa lini mara ya mwisho. Printa nyingi zina wino mweusi tu, na nyekundu na njano zikitoka karatasini zote ni kijivu. Acheni safu moja pembeni iandikwe na mtu, kwa mkono wake: anasubiri korosho; amelazwa; amelipa leo asubuhi, risiti ipo. Hesabuni majina kabla na baada, mjue kama kuna aliyeachwa chini ya seli tupu. Na agizo la kwanza kabisa liwe kufuta rangi zote za zamani kabla ya kupaka hata moja mpya. Ni mstari mmoja tu wa maagizo.